Nautilus na Skate: kupita chini ya barafu au kuipasua

Sisi tunaotazama meli zikiingia Kilindini huona bahari kuwa njia wazi, lakini kwenye Ncha ya Kaskazini barafu ni paa. Nautilus, nyambizi ya nyuklia ya Marekani, ilipita chini ya ncha hiyo tarehe 3 Agosti 1958 ikiwa na watu 116, bila kuibuka hapo. Skate, nyambizi nyingine ya Marekani, tarehe 17 Machi 1959 ilitafuta barafu nyembamba, ikaipasua na kuibuka, kisha mabaharia wakatawanya majivu ya mvumbuzi Hubert Wilkins katika upepo mkali. Zote ziliendeshwa kwa kinu cha nyuklia, kisichohitaji hewa kama injini ya dizeli. Mimi naipa Skate heshima zaidi, kwani mazoezi ya leo ya jeshi la majini kwenye kambi za barafuni hutegemea nyambizi inayoweza kuibuka.