Glass Onion: sijatoa mji, jibu lishatolewa

Assalam aleikum, mambo vipi wanangu, karibuni tena. Leo nko huku darini, Mji wa Kale, tuktuk mtazisikia hapo chini mnisamehe tu, ndani panka limekufa na joto hili la Kaskazi sitaki mnione nikirekodi huku jasho lanitoka.

Haya. Glass Onion, filamu ya pili ya Knives Out, zile za kutafuta nani kaua. Najua ni ya 2022, lakini tangu ya tatu itoke mwaka 2025 kila nikifungua meseji ni hiyo tu, tufanyie ya tatu, tufanyie ya tatu, na mie nkasema la, siendi ya tatu na ya pili bado imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Na ntatoboa kila kitu mpaka mwisho, kama hujaiona kaiangalie kwanza, mie sina haraka.

Sasa skizeni, ile ya kwanza ya 2019 mwaikumbuka? Marta, yule nesi, akisema uongo yuatapika. Hilo twaambiwa mapema kabisa, tena watu wanacheka, twaliweka mfukoni twalisahau. Kisha kule mwisho anamwambia Ransom, ndo muuaji mwenyewe, kwamba Fran, yule mtumishi wa nyumba aliyemdhuru, amepona, Ransom naye mdomo wamfunguka, anakiri yote, akimaliza tu Marta anamtapikia usoni. Yani jibu tulikuwa nalo mkononi filamu nzima! Mie niliruka kwa kochi wallahi.

Sisi huku tumelelewa na vitendawili, sheria zake twazijua. Mtu akisema kitendawili wamjibu tega, anatega, wapiga bongo, ukishindwa ndo anakwambia nipe mji, nawe wampa Lamu, wampa Malindi, aende zake akale raha huko kisha akupe jibu. Lakini kitu chenyewe lazima kiwe unakijua, kuku, yai, kivuli, nazi. Hakuna anayekutegea kitu alichokificha mvunguni mwa kitanda chake.

Basi hii ya pili ndo imefanya hivyo.

Tuko kisiwani Ugiriki, Mei 2020, korona imepamba moto, tajiri mmoja anaitwa Miles Bron, ndo Edward Norton, amewaalika marafiki zake waje wacheze mchezo wa kubahatisha nani kamuua yeye. Benoit Blanc, yule mpelelezi wa Daniel Craig, naye yumo. Mwanzo mzuri siwezi kusema uongo, yale masanduku ya mafumbo, nguo, bahari, na pale Blanc anapouharibu mchezo wa tajiri mezani kabla hata haujaanza, nilicheka mpaka kachri zikanipalia. Lakini jamani yaenda polepole, wanaongea, wanakunywa, wanaogelea, wanaongea tena, karibu nusu ya filamu hajafa mtu. Mamangu alikuwa kando yangu, kungia kisiwani tu keshalala.

Halafu Duke, mmoja wa wale marafiki, anakufa, taa zinazima, Andi, yule aliyeanzisha kampuni na Miles kisha akatolewa, anapigwa risasi, nkasema haa, sasa ndo yaanza! Naam, hapo hapo filamu ikasimama ikarudi nyuma. Ati yule Andi siye Andi, ni Helen, pacha wake, Andi mwenyewe ameuawa zamani, na Blanc alijua siku zote. Na ile damu ya risasi ni pilipili ya chupa. Basi twarudishwa kuangalia karamu ile ile, meza ile ile, upande wa pili. Mamangu akaamka akatazama akasema, "Mbona mwanirudishia mwanzo?" Hakukosea.

Sasa kuna kitu kimoja lazima niseme nisije nikaandikiwa dhambi. Ile glasi ya Duke, yenye juisi ya nanasi ambayo kwake ni sumu. Miles anadai Duke kajichukulia mwenyewe glasi isiyo yake, na filamu yakuonesha hivyo hivyo, Duke anaichukua. Nikarudisha nyuma mpaka pale mwanzo kabisa, pole pole, nkaona kumbe ni Miles aliyempa kwa mkono wake, mbele ya macho yetu sote! Hapo nilivua kofia. Lakini ndo yaniuma zaidi, kwa sababu kumbe wajua kutega vizuri, basi pacha umemfichia nini?

Na mwisho sasa. Ushahidi ni kitambaa kimoja cha karatasi alichoandikia Andi wazo la ile kampuni, Miles anakitia kiberiti mbele ya kila mtu, basi, kwisha. Blanc anasema hana la kufanya. Filamu nzima twamngojea huyu bwana aje afunge kamba, naye anampa Helen kipande cha Klear, ile nishati mpya ya Miles inayolipuka, na kinywaji kisha anatoka nje! Helen anavunja vioo, anawasha moto, nyumba inalipuka. Na wale marafiki waliomdanganyia Miles kotini, walioiuza haki ya Andi kwa pesa, dakika haijafika washageuka wote, ati sasa watasema kweli. Kwa nini? Kwa sababu kuna moshi? Naelewa hasira ya Helen, na mie ningevunja, tena ningeanza na vile vikubwa. Lakini kuvunja vyombo sio kufumbua fumbo.

Dakika 139. Mie naipa tano kwa kumi, na moja katika hizo ni ya ile glasi.

Ah, mnaijua ile picha ya Mona Lisa inayoungua na nyumba? Mamangu kule mwisho alikuwa macho, akauliza, "Hiyo ni ya yule tajiri?"

Nkamwambia la mama, ni ya Wafaransa, aliikodi tu.

Akanyamaza kidogo. "Sasa hao Wafaransa wadai kwa nani?"