Kochi zuri, duka bovu: uzoefu wangu wa kununua samani Den Haag

Kochi lenyewe nalipatia nyota nne, na nalipatia kwa moyo mweupe. Duka lililoniuzia nalipatia moja, kwa vile mtandao haukubali sifuri. Jina lake nalihifadhi. Wao wanajijua.

Kwanza niwaeleze mnaojiandaa kuja huku. Ukipewa nyumba ya kupanga Uholanzi, hasa hizi za mashirika ya nyumba za jamii, usidhani umepewa nyumba. Umepewa kuta. Aliyehama anaondoka na sakafu yake, taa zake, mapazia yake na reli za mapazia, labda mwelewane umlipe akuachie. Sisi tulikuta saruji tupu na nyaya zinaning'inia darini. Haya, ukitaka kutandika laminati, ile sakafu ya mbao bandia, ghorofani, unaambiwa chini yake uweke tabaka la kuzuia kelele, lipunguze desibeli 10, la sivyo jirani wa chini akishtaki unang'oa yote. Pesa yetu ikaishia chini, kihalisi kabisa, tunaikanyaga kila siku.

Kwa hiyo vingine vyote tulibana. Meza, viti na kabati la vyombo vilitoka kringloopwinkel, yale maduka ya mitumba ya samani, na naapa meza ile ni mti mgumu kuliko chochote kilichopo madukani. Mapazia nilishona mwenyewe kwa vitambaa vya Haagse Markt, soko la wazi la Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Pale Kiholanzi changu hakijawahi kumkera mtu. Muuza vitambaa Mturuki, mnunuzi Mtanga, tunavutana bei kwa Kiholanzi cha kuungaunga pande zote mbili, na biashara inafanyika, na vipande vya ziada naongezewa.

Kochi tu ndilo nilitaka jipya.

Sasa hicho Kiholanzi, sikukiokota jana. Nilifanya mtihani wa mwanzo ubalozini Dar es Salaam kabla hata sijapata viza: nikakaa mbele ya kompyuta, nikaisemesha, nikafaulu. Hapa nimo kwenye sheria ya inburgering, ile ya kuwazoesha wahamiaji lugha na maisha ya huku, iliyoanza Januari 2022, inayotupa miaka mitatu na lengo la kufika B1, yaani kiwango cha kati cha lugha. Mwalimu wetu anatusisitiza: mkizungumza nao wakawajibu Kiingereza, nyie endeleeni na Kiholanzi chenu, msikubali kuvutwa. Najitahidi. Dukani, kwa daktari, kwenye tramu, nabanana nacho hivyo hivyo.

Nikaingia dukani siku hiyo nimejiandaa. Nikasalimia Kiholanzi, nikajibiwa Kiingereza. Nikauliza bei Kiholanzi, Kiingereza. Nikaeleza, polepole na vizuri, kwamba tunakaa ghorofa ya pili, nyumba ya portiek. Wa Den Haag mnazijua: ngazi ya mawe inaanza barabarani, inapanda wazi wazi hadi kwenye milango, kisha nyuma ya mlango wako kuna ngazi nyingine ya mbao, nyembamba na imesimama wima kama ya kuchumia nazi. Nikauliza, litapita? Kijana akatabasamu hadi jino la mwisho. Hakuna tatizo, madam, kila kitu kitashughulikiwa. Kahawa akaniletea. Akaniambia utaratibu wao ni kulipa yote papo hapo, nikaweka kadi kwenye mashine, akanichapia karatasi kadhaa za Kiholanzi chenye herufi ndogo kama chawa, akanifungulia mlango. Huduma ya kifalme, nilitoka najiona mtu.

Wiki zikapita. Majani yalikuwa yameanza kudondoka lilipokuja. Asubuhi wabebaji wawili wakapiga kengele, nikashuka mbio kuwafungulia, nakuta kochi langu limesimamishwa kwa upande kwenye njia ya waenda kwa miguu, nailoni imechanika pembeni, na mmoja wao tayari anarudi kwenye gari. Nikamwambia yule wa pili, kwa Kiholanzi, ghorofa ya pili tafadhali. Akanyoosha kidole kwenye karatasi. Hadi mlango wa kwanza, usawa wa barabara. Nikamwambia muuzaji alisema mengine. Akapandisha mabega, akanipa kalamu nisaini, nilipokataa akaandika kitu mwenyewe, wakaondoka. Hawakutukana. Bora wangetukana.

Mvua ya Den Haag haibishi hodi, na mawingu yalikuwa yameshakaa. Tena kuacha samani barabarani huku ni kosa: taka kubwa zina miadi yake na manispaa, ukizitelekeza unapigwa faini. Sasa mimi nimesimama nimeshika mkono wa kochi kama askari wa zamu. Akapita kaka mmoja na baiskeli, akasimama, akauliza kwa upole kabisa kama linatolewa bure! Maana ndivyo watu hufanya hapa, kitu wasichokitaka wanakiweka nje na kikaratasi. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini nikuambieni, yule kaka nilimjibu Kiholanzi na yeye akanijibu Kiholanzi. Mpita njia!

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Na hapa ndipo penye hasira yangu, mengine yote ningesamehe.

Nilieleza tangu mwanzo, Kiholanzi. Binti akanikatiza, Kiingereza ni sawa tu, madam. Vizuri, nikasema labda kitasaidia, nikahamia Kiingereza. Nikamweleza ahadi ya muuzaji. Akasikiliza, kisha ghafla akageuka, akaanza kunisomea masharti kwa Kiholanzi, mbio mbio, kifungu baada ya kifungu, sauti imekauka. Nikamfuata huko huko. Nikamwambia kwa Kiholanzi: nimekuelewa, umesema mlango wa kwanza, lakini mfanyakazi wenu alijua ni ghorofa ya pili, na mimi nilimuuliza. Kimya. Halafu akaniuliza, kwa Kiingereza: je, hapo nyumbani hakuna mtu anayejua Kiholanzi nizungumze naye?

Jamani. Kwani nilikuwa nazungumza nini?

Mume wangu Kiholanzi chake ni kizuri kuliko changu, sikatai, lakini alikuwa kazini Rotterdam, na hata angekuwa amekaa pembeni yangu nisingempa ile simu. Nilimwambia binti yule mwenye nyumba ni mimi, mwenye risiti ni mimi, mwenye Kiholanzi ni mimi. Akanitakia siku njema.

Hapo nikauona mchezo mzima. Kiingereza chao ni cha kuuzia, Kiholanzi chao ni cha kukatalia. Ukiwa na kadi mkononi unabembelezwa kwa lugha ya mgeni. Ukiwa na malalamiko unasomewa karatasi ya wenyeji, na ukiielewa, unaambiwa tafuta mtu anayeielewa.

Na wasiniambie hawakujua ngazi za mji wao. Nchi nzima inajua samani hazipiti ngazini. Amsterdam nyumba za zamani zina boriti na ndoano juu kabisa kwenye ukuta wa mbele tangu enzi na enzi kwa kazi hiyo hiyo, na siku hizi kila mtaa wana lifti za kuhamia, zile ngazi ndefu zenye mota zinazoegemezwa dirishani.

Aliyeniokoa ni mzee wa Suriname anayekaa chini yetu. Alitoka na sandali zake, akalitazama kochi, akanitazama mimi, akasema subiri. Akaleta turubai tukalifunika, akampigia jamaa yake mwenye lifti. Jioni dirisha lilitolewa, kochi likapaa juu ya baiskeli na magari, likaingia sebuleni bila mkwaruzo. Mzee hunisemesha Kiholanzi taratibu, nikikosea ananirudishia sentensi iliyonyooka bila kunikemea, kisha tunaendelea. Nilimpelekea vitumbua. Mwenye lifti alilipwa kutoka mfukoni mwangu.

Kochi, nisiwe mnafiki, ni raha tupu. Wageni wakikaa hawainuki. Ndiyo maana kwa muda nilikuwa nimeanza kupoa, nikafikiria nyota mbili, hata tatu.

Kisha darasani tukafika mada ya haki za mnunuzi. Kumbe zile siku 14 za kurudisha bidhaa bila sababu, ambazo kila mtu anazitaja, ni za aliyenunua mtandaoni au nje ya duka. Mimi nililikalia kochi palepale kwao, hazinihusu. Lakini kumbe pia sheria yao hairuhusu duka kumlazimisha mteja alipe mapema zaidi ya nusu ya bei. Zaidi ya nusu! Na kijana wa kahawa aliniambia utaratibu ni yote. Nusu ingebaki mfukoni kwangu siku ile, nadhani Kiholanzi changu kingesikika vizuri tu kwenye simu.

Basi nikaandika barua. Kiholanzi, kurasa mbili, mwalimu akanisahihishia de na het tu, vile vineno vinavyotangulia majina ya vitu, hoja akaziacha zilivyo. Nikadai gharama ya lifti. Kwa mnaotaka kufanya hivyo, Juridisch Loket wanatoa ushauri wa sheria bure kwa wenye kipato kidogo, na ConsuWijzer, tovuti ya haki za wanunuzi, ina mifano ya barua. Na mkinunua, mkatae kusaini mpaka muuzaji aandike kwa mkono wake kwenye mkataba ghorofa gani, na ndani ya chumba kipi.

Majibu yalikuja. Wamerudisha nusu ya gharama, na pesa imeingia kweli. Nikakaa juu ya kochi langu nikafungua huu ukurasa nipandishe nyota ziwe mbili, haki ya mtu nimpe. Ndipo nikaisoma barua yao tena hadi chini. Wameandika kwamba malipo hayo ni hisani kwa mteja na hayamaanishi kwamba duka linawajibika kwa lolote.

Hisani! Na barua yenyewe, niliyowaandikia kurasa mbili za Kiholanzi, wameijibu kwa Kiingereza.

Nyota moja, na nusu nyingine ya lifti bado naidai.