Nyota tatu kwa kidoto cha kijani

Miwani yangu ya kusomea ilivunjika mkono mmoja, nikaagiza nyingine mtandaoni. Kabla haijafika nikatumiwa linki ya kufuatilia kifurushi, na kwa siku sita nikawa mtu wa kushika simu mbali na uso, macho nimeyafinya, nikijitahidi kusoma miwani yangu imefika wapi. Jina la kampuni silitaji. Huduma hizi zinafanana kama mapacha, na zote zinauza kitu kimoja: kujua.

Siku ya pili niliamua kuhesabu. Nilifungua ukurasa ule mara 19, na mara 17 kidoto cha kijani kwenye ramani kilikuwa palepale. Zile mara mbili kiliposogea, wallahi nilifurahi kama vile miwani tayari ipo puani. Na kuchungulia kwangu hakukumharakisha dereva hata kidogo.

Nisidhaniwe nimechanganyikiwa. Mwaka 2009 wanasayansi wa ubongo Ethan Bromberg-Martin na Okihide Hikosaka walichapisha katika jarida la Neuron jaribio ambalo ni kisa changu kitupu, ila mhusika ni tumbili mwenye kiu. Tumbili anachagua kati ya picha mbili. Moja inamletea alama inayomwambia kama maji yajayo ni mengi au kidogo; nyingine inamletea alama isiyosema lolote. Maji yanakuja baada ya sekunde chache kwa bahati ileile, achague hii au ile, hazidishiwi tone. Hata hivyo tumbili walizoea upesi kuchagua picha ya habari, karibu kila mara. Na seli za ubongo wa kati zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi, zilezile zinazochangamka maji mengi yakitarajiwa, zilichangamka pia habari ilipotarajiwa.

Kampuni ina daraja la juu la huduma: ramani inayojisogeza yenyewe, kwa malipo ya ziada. Nililipa. Usinicheke, maana mwaka 2015 Bromberg-Martin huyohuyo, pamoja na Tommy Blanchard na Benjamin Hayden, walionyesha kwamba tumbili hukubali kupunguziwa maji ili wajue mapema tu. Tena seli za sehemu ya ubongo iliyo juu ya macho zilishika hesabu mbili mbalimbali, ya maji na ya habari, bila kuzijumlisha. Halafu mwaka 2019 Kenji Kobayashi na Ming Hsu wakawapima watu kwa MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, katika mchezo wa bahati nasibu, wakaona ndani ya striatamu, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, thamani ya habari na thamani ya pesa zimeandikwa kwa lugha moja. Kwa hiyo kuna mahali ubongo una daftari mbili na mahali ni moja. Langu liliungana pale kwenye kitufe cha "Lipia".

Sasa lawama. "Kimetoka ghalani, saa 4:42 usiku" ni habari; nililala vizuri siku hiyo. Lakini "Kinashughulikiwa" ilikaa siku mbili na nusu. Kinashughulikiwa na nani? Kinafanywa nini? Hiyo ndiyo alama isiyosema lolote, na tumbili wale walijifunza kuikwepa. Mimi siku ya nne nilikuwa bado naifungua, nikiburuta ukurasa kwa kidole gumba ujisome upya. Kwa hilo peke yake naondoa nyota moja. Nyingine naiondoa kwa ramani ya kulipia: kidoto hakisafiri, kinaruka. Kinasimama nusu siku, kisha unakikuta mji mwingine.

Nilijaribu kuzima arifa. Ikawa mbaya zaidi, kwani kila dakika nilihisi kuna jambo limenipita. Kilichosaidia ni kuacha arifa moja tu, ile ya "Kinaletwa leo". Mipangilio imeifukia chini kabisa ya ukurasa, bila shaka si kwa bahati mbaya, lakini ipo.

Siku ya sita kengele ya mlango ikalia. Nikatia saini, nikachana boksi, nikavaa. Miwani imenikaa sawasawa, vioo safi. Nikashika simu karibu na uso kama binadamu wengine, na nilichosoma kwanza ni ukurasa uleule: "Kimekabidhiwa, saa 8:17 mchana."