Besi ya tatu: mtoto asogee mbele au akae nyuma?

Jamani wazazi na makocha wa besiboli ya watoto, hili la mtoto anayelinda besi ya tatu tuliongee (besi ni vile vituo anavyokimbilia mpigaji akishapiga mpira). Kwenye Little League, ligi ya watoto kule Marekani, toka besi moja hadi nyingine ni futi 60, kama mita 18 hivi, na kocha akihofia banti, ule mpira wa kuguswa tu na gongo, anamsogeza mtoto mbele mpaka anabaki mita 12 toka kwa mpigaji. Faida ipo, anauwahi mpira, anaurusha besi ya kwanza na mpigaji anatolewa kabla hajafika. Ila hebu piga hesabu, mpira ukitoka kwenye gongo na spidi ya kilomita 90 kwa saa unamfikia chini ya nusu sekunde, glovu bado iko magotini mpira ushafika usoni!

Akikaa nyuma, mita 20, anapata sekunde 0.8, anauona, anakwepa au anadaka. Banti mbili tatu zitapita, sawa, zipite.

Mi mtoto wa miaka 9 namweka nyuma bila kubishana. Wa 12 anaweza kusogea, tena pale tu mpigaji akishaonyesha banti, na akirudisha gongo kutaka kupiga basi mtoto asimame hapohapo glovu juu, asiendelee kukimbilia mbele.