Unga wa vitamini C na chumvi za madini kwa kuku wa mayai: uzoefu wangu wa msimu wa joto

Ninafuga kuku 240 wa mayai huko Ruai, mashariki mwa Nairobi, katika banda lililoezekwa kwa mabati matupu. Jua la Februari lilipokolea, kuku walianza kutweta midomo wazi kuanzia saa tano asubuhi, wakawa wanang'ang'ania maji na kukiacha chakula. Mayai yakashuka kutoka trei saba kwa siku hadi tano. Tena maganda yake yalikuwa membamba kiasi cha kupasuka mkononi.

Katika duka la dawa za mifugo niliuziwa unga wa kutia kwenye maji, wenye vitamini C, sodiamu baikaboneti na potasiamu. Kuku hatoi jasho, hivyo hujipoza kwa kutweta, na kwa kutweta huko hupoteza kaboni dioksidi nyingi, damu ikabadilika na ganda likakosa kiungo chake muhimu. Baikaboneti hufidia sehemu ya upungufu huo. Vitamini C mwili wake huitengeneza wenyewe, ila wakati wa joto kali haimtoshi.

Wiki ya kwanza sikuona tofauti yoyote, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilikoroga unga wa siku nzima katika tangi lililokaa juani, kwa maji ya mfereji yenye klorini, ilhali vitamini C huharibiwa upesi na joto, mwanga na klorini. Baadaye nilitumia maji yaliyolala wazi usiku kucha, nikayachanganya kidogo kidogo kivulini kuanzia saa tatu asubuhi, kabla jua halijapanda. Baada ya siku kumi hivi maganda yalikuwa yamekaza na trei zimerudi sita. Siwezi kuusifu unga peke yake, maana wakati huohuo nilihamishia chakula alfajiri na jioni, nikatandaza magunia yenye maji juu ya mabati.

Lalamiko langu ni kuhusu pakiti, ambayo inataja viambato bila kusema kila kimoja ni kiasi gani. Muuzaji naye aliniambia nitie "kijiko kimoja", bila kufafanua kama ni cha chai au cha mezani. Nilipokosea kwa kuzidisha, kinyesi kikawa majimaji na ikanilazimu kubadilisha maranda yote. Nitaununua tena Januari, lakini safari hii nitaupima kwa mizani ya jikoni.