Kodi ya jengo kupitia Luku: uzoefu wangu wa kufukua kumbukumbu, Mbeya

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Kwenye kulipa, kodi ya jengo kupitia Luku, yaani ile inayokatwa unaponunua umeme wa kulipia kabla, naipa nyota tano, sina ubishi. Kwenye kujua umelipa nini, kwa jengo lipi na kwa miezi ipi, naipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya huruma.

Nyumba yangu iko Ilomba, hapa hapa Mbeya jijini. Ni nyumba ya chini ya kawaida, niliinunua kwa mzee mmoja aliyehamia kwa watoto wake. Upande mmoja tunaishi sisi, upande wa pili, wenye mlango wake na mita yake, kapanga mwalimu wa shule ya msingi. Jengo moja, paa moja, mita mbili. Hizo mita mbili ndizo zilizonitoa usingizini. Bila hizo ningeendelea kukatwa na kunyamaza kama wengi wetu.

Kwa waliosahau tulikotoka: zamani kodi hii ilikuwa ya halmashauri, nyumba inathaminiwa, bili inakuja. Mwaka 2016 TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wakaanza kuikusanya kwenye miji mingi, na baadaye kikaja kiwango kimoja cha shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Agosti 2021 ikahamia kwenye Luku: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

Yule mzee aliniachia faili la risiti za enzi za halmashauri, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na thamani ya nyumba imeandikwa kwa mkono. Unaweza kubishana na thamani ile, lakini angalau unaona kodi imetokana na nini. Siku hizi nyumba yangu na jumba la kule mtaa wa Forest lenye bustani na geti la umeme zinalipa sawa, ilimradi zote ni za chini. Mimi sina hasara sana hapo, ila mwenye vyumba viwili ana haki ya kuuliza.

Sasa meseji yenyewe. Watu wengi wanaponunua umeme macho yanakimbilia tokeni, zile namba za kuingiza kwenye mita, mengine hayasomwi. Nilikaa chini na kikokotoo. Ukinunua umeme wa 10,000 kwa mara ya kwanza mwezi huo, kwanza inaondoka ile buku jero (1,500) ya kodi. Kwangu haikuandikwa kwa jina lake, ilikuja kwenye mstari wa makato ya deni. Zinabaki 8,500, na hizo ndizo zinazogawanywa: umeme wenyewe 6,967.21, VAT ya asilimia 18, EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, REA (umeme vijijini) asilimia 3. Kwa bei ya 292 kwa yuniti unapata kama yuniti 23.9. Ukirudi kununua 10,000 nyingine mwezi huo huo, unapata 28.1, kwa sababu kodi imeshalipwa. Basi yule anayelalamika kwamba umeme wa tarehe za mwanzo unaisha haraka kuliko wa katikati ya mwezi, mwambie asiilaumu hita ya maji. Ingawa Julai hapa kwetu, hita nayo ina kesi yake.

Na usipogusa mita miezi mitatu, kodi haikusubiri ikasahau. Inajikusanya, na siku utakayonunua inakatwa yote kwa pamoja. Nina jirani mwenye nyumba isiyokaliwa, alinunua umeme wa 5,000 ili fundi apate kutumia mashine, zikatoka yuniti za kuwashia taa tu.

Mwalimu ndiye aliyeniuliza. "Dada, hivi na mimi nakatwa buku jero kila mwezi, hii ni ya nini wakati nyumba si yangu?" Nikamwomba meseji zake, nikazilinganisha na zangu. Kweli, mita zote mbili zilikuwa zinakatwa, mwezi baada ya mwezi, kwa jengo moja. Utaratibu ni kwamba kodi ni ya jengo, si ya mita: jengo moja lenye mita kadhaa linalipiwa kupitia mita moja, na kinyume chake, nyumba mbili zinazotumia mita moja mzigo wake unabebwa na hiyo mita. Kwanza nilimalizana na mwalimu: alichokatwa nilikipunguza kwenye kodi ya pango anayonilipa. Hilo naona ndilo sahihi, kwa sababu mpangaji hana jengo. Wenye nyumba wanaojifanya hawajui, mnajijua.

Kurekebisha ndiko kulikonichosha. Ofisi ya kwanza, ambayo sitaitaja, wakaniambia suala la mita niende kwa watu wa umeme. Kwa watu wa umeme wakasema wao wanakata tu, kodi si yao. Nikarudi. Kijana mmoja kaunta akanieleza kwa upole, "Mama, mfumo unasoma mita, hausomi paa." Nimeipenda kauli hiyo kuliko maelezo yote niliyopewa. Hakuna mahali mfumo ulipojua kwamba mita zangu mbili zinakaa chini ya bati moja, mpaka mwenye nyumba ajipeleke mwenyewe na kusema.

Nilichobeba: namba za mita zote mbili (zile tarakimu 11), kitambulisho cha taifa (NIDA), mkataba wa mauziano, na barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba ni jengo moja. Mita ya mwalimu ilikuwa bado inasoma jina la yule mzee, nalo likawa swali jipya. Ushauri wangu: ukinunua nyumba, badilisha jina la mita mapema, usisubiri siku ya shida. Mwishowe mita ya mwalimu iliondolewa kwenye kodi ya jengo na makato yakakoma. Zilizokatwa nyuma sijaziona zikirudi, na kila ninapouliza naambiwa niandike barua. Nimeandika.

Hapa ndipo nilipoanza kuheshimu kodi ya pango la ardhi, ambayo wengi wanaichanganya na hii. Jengo ni jengo, ardhi ni ardhi. Pango la ardhi linalipwa na mwenye kiwanja kilichopimwa, mara moja kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Linakokotolewa kwa ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Ankara yangu ilinionyesha namba ya kiwanja, kitalu, mita za mraba, matumizi "makazi", kiasi cha mwaka, na kama kuna deni la nyuma, na riba yake. Nikaichukua hati, nikakaa nazo mbili mezani, nikalinganisha mstari kwa mstari. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kodi mtu anayoweza kuisoma na kuipinga. Jirani yangu aligundua kwenye ankara yake kwamba kiwanja kimeandikwa makazi na biashara wakati duka lilishafungwa zamani, na alikuwa analipa cha juu. Kwenye Luku asingeona lolote la kuuliza.

Angalizo: kama kiwanja chako hakijapimwa, na huku kwetu mitaa ya hivyo ipo mingi, hutapata ankara ya namna hiyo. Lakini kodi ya jengo utakatwa vilevile, kwa sababu mita unayo.

Mama yangu yuko Tukuyu, ana zaidi ya miaka 70, hana biashara wala pensheni, na yeye pia alikuwa anakatwa. Sheria inamsamehe mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi. Na mwenye ulemavu asiye na kipato vilevile. Ila msamaha haujiingizi wenyewe kwenye mita. Lazima uombwe, na kitambulisho kionyeshe umri, na serikali ya mtaa au kijiji ithibitishe kwamba anaishi pale. Nilimpeleka mwenyewe, na kusema kweli huko nilihudumiwa vizuri na haraka kuliko nilivyotarajia. Mwezi uliofuata alinunua umeme wa 5,000, akanipigia simu kunisomea yuniti moja moja kana kwamba ni matokeo ya mtihani, kisha akamaliza na "ndaga fijo" yake, asante sana ya Kinyakyusa. Kama una mzazi kijijini au mji mdogo mwenye Luku, soma meseji yake kabla ya kusoma yako.

Kitu kinachokosekana, na ndiyo sababu ya zile nyota mbili, ni taarifa ya mwaka. Ningependa niweke namba ya mita niletewe: jengo hili, mmiliki huyu, limelipiwa Julai hadi Juni, deni hakuna. Kwa sasa ushahidi wangu ni meseji za tokeni, na simu ikiibiwa pale sokoni Mwanjelwa ushahidi umeondoka nayo. Kwa hiyo meseji ya kwanza ya kila mwezi naipiga picha, naituma kwenye barua pepe yangu, na kwenye daftari naandika tarehe na kiasi kilichokatwa.

Na anayetafuta nyumba ya kununua, usiridhike na hati na ankara ya ardhi peke yake. Nunua umeme kidogo kwenye kila mita ya ile nyumba, muuzaji akiwa amesimama hapo, kisha msome pamoja mstari wa makato kabla hamjafika kwa mwanasheria. Ikitoka 1,500 tu, endeleeni. Ikitoka 15,000, bei ya nyumba irudi mezani.