Kaptula ya baiskeli: ni nguo ya ndani au si nguo ya ndani?

Nianze kwa kusema kwamba kaptula yenyewe si mbaya. Nalisema mapema kwa kuwa najijua: nikifika katikati ya kisa hiki damu itakuwa ishanichemka, na hapo nitaitukana kaptula, duka, kijana aliyeniuzia, na pengine hata aliyebuni baiskeli. Kwa hiyo lishike neno hili la kwanza, usije ukaniambia baadaye kwamba nina ndimi mbili.

Mimi ni mama wa watu, nakaa Tudor, miaka arobaini nimeipita na sigeuki nyuma kuitazama. Baiskeli nimeianza ukubwani. Jumapili baada ya sala ya alfajiri tunatoka wanawake wanne watano, tunazunguka Mama Ngina, tunavuka daraja la Nyali, tunafika Bamburi na kurudi jua halijawa kali. Safari kama hizo hazidai nguo maalumu. Nilikuwa navaa suruali yangu pana, ushungi chini ya helmeti, nikirudi nala mahamri yangu kwa mbaazi na sina ninapouma. Matata yalianza walipotaja Kilifi.

Kilifi kutoka hapa ni karibu kilomita 60, kwenda tu. Shoga yangu, ambaye ndiye mwalimu wetu wa baiskeli, akaitazama suruali yangu akasema, "Hiyo itakufikisha Mtwapa. Tafuta kaptula yenye pedi." Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Hilo nitalirudia.

Nikaenda duka moja mjini. Jina silitaji, si kwa kuwaheshimu, ila sitaki kuwatangazia biashara. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, zile siku upepo umekufa na mtu anatoka jasho hali amekaa. Ndani mna feni moja, nayo imeelekezwa kwa kijana wa duka peke yake. Simu mkononi, masikio yote mawili yamezibwa. Nikasalimu. Akainua kidevu. Kidevu! Mimi ningeweza kumzaa yule.

Nikamwambia nataka kaptula ya kike, yenye pedi. Hakuniuliza naendesha mwendo gani, wala kiti cha baiskeli yangu kikoje. Alinitazama kutoka ushungi hadi makubadhi kama mtu anayekadiria gunia, akasema, "Mama, wewe chukua XL." Akaitupa juu ya kaunta. Sikukabidhiwa, nilitupiwa.

Nikauliza, mahali pa kujaribia ni wapi? Hapo ndipo alipolitoa lile neno, na nakuomba ulihifadhi kama lilivyo: "Hii si nguo ya ndani, mama. Ni nguo ya michezo. Pima juu ya dera tu."

Basi nikaipima juu ya dera, nimesimama wima mbele ya wateja, lastiki nimeishika kiunoni kwa vidole viwili kama mtoto anayenunuliwa sare ya shule. Nikaona inapwaya kidogo. Nikajiambia afadhali, haitanibana, na stara iko. Nikalipa shilingi 3,800 kwa M-Pesa. Risiti niliiomba mara mbili ndipo nikapewa.

Jumapili yake tukatoka. Hadi Mtwapa nilikuwa nacheka, jua linachomoza upande wa bahari, napiga pedeli kama msichana. Kikambala nikaanza kuhisi kitu kama mchanga, pale paja linapokutana na kinena. Nikajisogeza mbele. Nikajisogeza nyuma. Nikakalia upande. Kila nilipojisogeza, kile kitu kilipata mahali papya pa kusugua. Tulipofika Vipingo kwenye mashamba ya mkonge, mistari kwa mistari ya miba kando ya barabara, nikaona mkonge wenyewe umeingia ndani ya suruali yangu. Nikashuka. Nikaisukuma baiskeli. Nikalia kidogo, sioni haya kusema.

Wenzangu waliendelea kwa amri yangu. Mimi nikasimamisha matatu, makanga akadai nauli ya watu wawili, mimi na baiskeli, nikalipa bila kubishana, na mimi si mtu wa kulipa bila kubishana. Mpaka Mombasa nilikalia kalio moja, nimeshika kiti cha mbele, na kila tuta lilipokaribia niliinuka mapema kama anayempisha mkubwa wake.

Maji ya kuoga yalipopagusa nilitoa ukelele, mume wangu akaja mlangoni kuuliza nani amekufa. Ngozi ilikuwa imechubuka kama nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Nililala na leso tupu, na siku nne sikuvaa kitu cha kubana. Jirani akaniletea poda. Usitie poda penye jasho, jamani, inakuwa unga wa chapati. Kilichonituliza ni kuosha kwa maji ya vuguvugu, kukausha kwa kugusagusa bila kufuta, na ngozi ilipoanza kufunga, mafuta ya nazi kidogo. Ukiona usaha au jipu, hilo si langu tena, nenda kwa daktari.

Nilipoweza kutembea bila kutanua miguu, nikaifua kaptula mara mbili, nikaikunja vizuri, nikairudisha dukani. Pesa sikutaka. Nilitaka nambari ndogo tu. Nakubali, nilikuwa nimeivaa, na mwenye duka ana haki zake. Ningeambiwa kwa adabu ningeondoka nikinung'unika kimoyomoyo. Lakini yule kijana, masikio yamezibwa vilevile, hata mfuko hakuugusa. Akasema:

"Nguo ya ndani hairudishwi."

Nguo ya ndani.

Nikamwambia, "Mwanangu, hebu rudia." Akarudia. Nikamwambia, "Juzi hapa ulisema si nguo ya ndani, ndiyo maana ukanipimisha mbele za watu." Akasema masharti ya duka yamebandikwa ukutani. Nikatazama ukutani. Palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Mama mmoja mteja akaangua kicheko, nami nikacheka kwa hasira, nikachukua mfuko wangu nikatoka. Nimefika Digo Road ndipo nikakumbuka majibu mazuri zaidi.

Jioni nikampigia shoga yangu nimwage yangu. Nilipofika pa nguo ya ndani akanyamaza. Kisha akauliza polepole, "Hebu nambie, uliivaa na chupi?"

Nikasema ndiyo, tena safi, mimi nimelelewa na watu. Alicheka hadi simu ikakatika.

Kumbe kaptula ya baiskeli ndiyo chupi yenyewe. Haivaliwi juu ya kitu. Zamani ile pedi ilikuwa ngozi laini ya mbuzi-mwitu wa milimani huko Ulaya, imeshonewa ndani ili mtu asikalie mshono. Siku hizi ni kitambaa na sponji, lakini kazi ni ile ile: ikae moja kwa moja mwilini, ifyonze jasho, isitembee. Mimi katikati yake nikatia chupi ya pamba na mishono yake na lastiki zake. Pamba ikalowa, ikabaki imelowa. Na jasho la Mombasa mwisho wa kaskazi si la kukauka upesi. Na likikauka linaacha chumvi. Chumvi, mshono, na kilomita 30 na kitu za kupanda na kushuka paja: hiyo ni msasa.

XL nayo ilifanya yake. Kaptula hii inatakiwa ishike mwili kama soksi. Ikipwaya, pedi inakwenda huku na kule, kitambaa kinajikunja, na penye mkunjo ndipo panapochubuka. Tena kuipima umesimama wima ni kujidanganya, maana ukisimama utaiona kama nepi. Uiname, kama umeshika sukani, ndipo utajua kama pedi imekaa chini ya ile mifupa miwili ya makalio inayobeba uzito wako. Kwa wanawake mifupa hiyo kwa kawaida imeachana zaidi kuliko ya wanaume, kwa hiyo kutaka ya kike si madaha. Yote haya yanahitaji chumba chenye pazia. Pazia tu! Leso moja na misumari miwili!

Unaona? Imeanza kunipanda.

Maana kijana yule alikuwa na jibu mdomoni. "Hii ni nguo ya ndani." Maneno matano. Angeyasema siku ya kwanza, ningeuliza, "Yaani sivai nyingine chini?" na ngozi yangu ingesalimika. Siku ya kuuza jibu lile lingemdai chumba cha kujaribia, akalificha. Siku ya kurudisha likamwokolea pesa, akalitoa. Na siku ile ya pili alisema kweli! Hilo ndilo linaloniuma kuliko mapaja.

Sasa nitasema na la upande wangu. Mimi ndiye niliyeipenda ile XL kwa sababu inapwaya. Na sikuuliza. Na shoga yangu naye hakusema. Wanawake wazima, tumekaa vyumba vya singo tukamfunda bi harusi mambo nisiyoweza kuyaandika hapa, na neno moja la chupi likatushinda. Kwa hiyo nusu ya kosa ni yangu. Basi, theluthi. Nikikumbuka kile kidevu, robo.

Hasira ilipopoa nikamtuma mpwa wangu aninunulie M. Duka lile lile, ndiyo. Nilizoziona kwingine pedi zake ni sponji za kuoshea vyombo. Halafu nikapitisha baiskeli kwa fundi mmoja mzee Mwembe Tayari. Akaniambia nipande niende kidogo, akanitazama kwa nyuma mara moja, akageuza uso, akasema, "Mwanangu, kiti kimepanda mno. Viuno vyacheza." Akakishusha kiasi cha upana wa kidole. Shilingi 50. Kiuno kikicheza kulia na kushoto, kumbe kila mzunguko wa pedeli ni kijisu. Mzee yule alinieleza jambo la kiunoni, mimi mke wa mtu, bila kunivunjia heshima hata chembe. Basi inawezekana.

Kilifi tukaenda tena. Kaptula peke yake ndani, juu yake suruali nyepesi ya nailoni, stara iko pale pale. Penye msuguano nilijipaka mafuta ya mgando, kidogo tu. (Ile krimu nyeupe ya zinki ya watoto wachanga nayo inafaa.) Vipingo nikaipita, mkonge nikaupungia mkono. Daraja la Kilifi nikalivuka nimekaa kwenye kiti. Upande wa pili wenzangu wakashuka kunyoosha miguu, mimi nikanywa dafu langu juu ya baiskeli, makusudi, nimekaa.

Ukitumia mafuta ya mgando fua siku hiyo hiyo, maana yanaganda kwenye pedi. Igeuze ndani nje, sabuni ya kawaida, na usitie zile dawa za kulainisha nguo, zinaifanya isifyonze tena. Anika kivulini, jua letu linakula lastiki. Mtoto wa jirani ataiona kwenye kamba aulize ni nepi ya nani. Mimi nilimwambia ya babake.

Basi kaptula naipa nyota 4. Moja naizuia kwa sababu uzi wa paja la kushoto umeshaanza kuachia, na hata mara kumi sijaivaa. Ilikuwa 5 hadi jana usiku nilipouona ule uzi. Duka nililipa sifuri, kisha nikaona ninaonea, kwa kuwa mali yao ni nzuri na bei si ya kuua, nikapandisha 2. Kisha mpwa wangu akaniambia yeye alipokwenda kijana alimtoa mtu nyuma ya pazia la stoo, akamwambia, "Kaka, ingia ujaribu, kisha uchague."

Pazia lipo.

Sifuri. Na nenda ukanunue, kaptula ni nzuri, lakini mtume mpwa.

Ile XL ninayo bado. Nzima, safi, imefuliwa mara nne. Juzi nimempelekea mdogo wangu Likoni, nimevuka nayo feri, maana yeye mwili anao kunishinda na baiskeli ndiyo kwanza ameianza. Akaifungua, akaigeuza, akaiona pedi, akairudisha mfukoni kwa vidole viwili.

"Dada," akasema, "nguo ya ndani haigawiwi."